Wiki Sita za Vihusishi Sinza, Kwa Maoni Yangu

Darasa ninalolitathmini hapa ni la Kiingereza kwa watu wazima. Hufanyika Sinza, Dar es Salaam, kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na linashughulikia jambo moja tu, ambalo tangazo lililobandikwa mlangoni liliita "kutoa maoni kwa usahihi". Nililipa shilingi 150,000 kwa wiki sita, kijitabu cha mazoezi kikiwa ndani ya bei hiyo, yaani shilingi 6,250 kwa kila saa ya masomo. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko ambayo nimekwisha kuyapeleka kwa wenyewe na bado nasubiri kuona yatashughulikiwaje. Nitaeleza hata hivyo kilichofundishwa, ili mtu anayefikiria kulipia darasa la aina hii, hapo au kwingineko jijini, ajue anachopaswa kukidai.

Kilichonipeleka huko ni maneno matatu. Ninafanya kazi katika ofisi ya bima maeneo ya Posta, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika ripoti za madai kwa Kiingereza, ambazo mwishoni huwa na aya ya mwandishi kusema yeye mwenyewe anaonaje: moto ulianzia wapi, gari lilipinduka kwa sababu gani, dai lilipwe au lisilipwe. Kwa miaka kumi na mmoja aya hiyo nimekuwa nikiianza kwa "For my opinion". Hakuna aliyewahi kunisahihisha, mpaka alipokuja mkuu mpya wa kitengo, akayazungushia maneno hayo kalamu nyekundu na kuniuliza kwa upole, tena mbele ya wenzangu, "Dada, hii 'for' umeitoa wapi?" Sikuwa na la kujibu. Kiingereza nilikianza shule ya msingi, na kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote niliyasoma kwa lugha hiyo, lakini nikikumbuka vizuri, tulichoandika miaka yote hiyo kilikuwa maana za istilahi, hatua za majaribio ya maabara na sababu za vita vya watu wengine. Maoni yetu hayakuulizwa mara nyingi, na pale yalipoulizwa, mwalimu alitazama hoja akaacha kihusishi, yaani neno fupi kama "for" au "in", kipite.

Jibu la swali la mkuu wangu nililipata jioni ya kwanza, na kwa jioni hiyo peke yake ningeweza kusema pesa yangu haikupotea. Mwalimu hakutuambia tufungue kijitabu. Aliandika ubaoni kwa Kiswahili: "Asha alikwenda kwa Juma kwa miguu, akakaa kwa saa mbili, wakazungumza kwa Kiingereza kwa furaha kubwa, kisha akarudi kwa basi." Akatutaka tuhesabu "kwa" zilizomo. Ni sita. Kisha akatutaka tuiandike sentensi hiyo kwa Kiingereza, na tulipomaliza kubishana, ubaoni palikuwa na "to", "on", "for", "in", "with" na "by", sita tofauti, hakuna hata moja iliyojirudia. Hapo ndipo alipoongeza ya saba, "kwa maoni yangu", akamwomba kila mtu aandike kwenye karatasi kihusishi ambacho angekitumia bila kufikiri. Zilipokusanywa, "for" ilikuwa nyingi kuliko zote, ikifuatiwa na "by", kisha "with", na karatasi mbili zilikuwa na "according my opinion".

Nilipenda kwamba hakutucheka. Alieleza kwamba kosa letu halikutokana na uvivu wala na kutojua Kiingereza, bali lilitokana na kuijua vizuri mno lugha yetu, ambamo neno moja fupi hubeba chombo, namna, muda, usafiri, lugha na mahali, na mzungumzaji hajawahi kulazimika kuyatenganisha. Anayetafsiri "kwa" huwa ameingia katika mchezo wa kubahatisha wenye milango sita, na mlango anaoufungua mara nyingi ni ule aliouzoea zaidi, "for". Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya darasa ilikuwa kwamba kihusishi hakitafsiriwi. Unachojifunza ni nomino ikiwa na kihusishi chake, kama vile katika Kiswahili mtu hafundishwi "piga" peke yake akaachwa abahatishe namna ya kusema piga pasi, piga simu na piga mswaki.

Kutoka hapo alitupeleka kwenye picha iliyofichika ndani ya maneno yenyewe, na hii ndiyo sehemu ambayo naiona bora kuliko zote. Kiingereza huichukulia "opinion" kana kwamba ni eneo ambalo msemaji yumo ndani yake, na "view" vilevile, ndiyo maana husemwa "in my opinion" na "in my view". Lakini "point of view" ni mahali pa kusimama na kutazama, na mtu hutazama kutoka mahali aliposimama. Ndiyo maana husemwa "from my point of view", na kwa mantiki hiyo hiyo "from my perspective". Kosa la watu waliosoma kidogo ni "for my opinion", na kosa la watu waliosoma zaidi ni kuzichanganya picha hizi mbili wakaandika "from my opinion" au "in my point of view". Nilijitambua katika kundi la pili pia, kwa kuwa hiyo "in my point of view" nilikuwa nikiitumia kwenye barua nilizotaka zionekane nzito.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akikaa mbele, ambaye sote tulimwamkia shikamoo kabla ya kumwamkia mwalimu, aliinua mkono akasema kwamba hata sisi maoni yetu yanatokana na macho: "maoni" yametoka katika kuona, "mtazamo" katika kutazama, na "rai" tumeipata kwa Waarabu, ambao nao neno lao lina mzizi wa kuona. Mwalimu alisimama kimya kwa muda, kisha akaliandika jambo hilo ubaoni chini ya "view". Sijui kama litamsaidia mtu kwenye mtihani, lakini tangu siku hiyo sijakosea kihusishi cha "view".

Jioni ya tatu ilikuwa ya "kwa upande wangu". Yeyote aliyehudhuria vikao vya ofisi hapa Dar es Salaam amesikia "for my side" na "on my side", pengine ameyasema mwenyewe asubuhi ya leo, na wenzake wakamwelewa bila shida kwa sababu nao walikuwa wakisikia Kiswahili kilicho chini yake. Tatizo huanza msikilizaji anapotoka kwingine, kwa kuwa kwake kuwa "on my side" ni kuniunga mkono, kusimama upande wangu katika ugomvi. Kinachotafutwa ni "for my part", au "as for me" pale ambapo wengine wamekwisha kusema na mtu anataka kutofautisha lake na lao. Kisha akatuonya kuhusu "on my part", ambayo inafanana sana na hiyo ya kwanza lakini huelekeza kwenye tendo badala ya maoni: kosa nililolifanya mimi ni "a mistake on my part". Mimi ninayeandika ripoti za nani kafanya kosa gani niliiandika hiyo mara mbili.

Kuhusu "according to me", Mwalimu alikuwa mkali, na nadhani alikuwa na haki. Sisi tunasema "kwa mujibu wangu" kwa mzaha tu, lakini "according to me" tunaiandika kwa dhati kabisa. Maneno hayo ya Kiingereza hutaja chanzo kilicho nje ya msemaji: shahidi, gazeti, sheria, mtu mwingine. Mtu akijitaja mwenyewe kama chanzo, msomaji huona kama anajinukuu. Hata hivyo "according to our records" ni sahihi, hata kama kumbukumbu hizo ni za ofisi yangu mwenyewe, kwa sababu jalada liko kabatini na si kichwani mwangu. Tofauti hiyo ndogo imenifanya nipitie upya ripoti za miezi mitatu.

Sehemu ya katikati ya kozi ilihusu kinachofuata baada ya neno "opinion", na hapo ndipo nilipogundua kwamba kihusishi kinaweza kugeuza maana ya ripoti nzima. Ukiandika "my opinion of the mechanic", fundi ndiye anayepimwa. Ukiandika "in the opinion of the mechanic", fundi ndiye mwenye maoni. Kiswahili hakina mtego huo, kwa kuwa "maoni ya fundi" ni ya kwake na "maoni kuhusu fundi" ni yetu sisi juu yake. Mambo yanayojadiliwa, kama vile dai, sera au pendekezo, huchukua zaidi "on" katika maandishi rasmi, ilhali "about" hutosha katika mazungumzo ya kawaida.

Lakini kilichonigusa moja kwa moja ni "agree". Unakubaliana na mtu au na kauli yake kwa "agree with". Unakubali pendekezo, ombi au sharti kwa "agree to". Na pande mbili zikiafikiana juu ya jambo fulani, hutumika "agree on". Ofisini kwetu, kuandika kwamba tuna-"agree with" kiasi kilichotajwa ni kusema kwamba hesabu hiyo tunaiona kuwa sahihi, na kuandika kwamba tuna-"agree to" kiasi hicho ni kusema kwamba tumekiridhia. Mtu anaweza kuiona hesabu kuwa sahihi na bado akawa na sababu za kutolipa. Nilimuuliza Mwalimu kama ninatia chumvi. Akanijibu, "Hapana dada, ila ukiandika barua ya namna hiyo usiiache sentensi hiyo peke yake, eleza pia unachokusudia kukifanya." Jibu hilo lilikuwa la mtu anayejua kwamba kihusishi kimoja hakiwezi kubebeshwa mzigo wa mkataba.

Jioni mbili zilitumika kwa kosa la kinyume chake, yaani kuacha kihusishi pale kinapohitajika. Hapa tena mwanzo ulikuwa Kiswahili. Vitenzi vyetu humbeba mtendewa ndani kwa ndani, na kauli ya kutendea hutufanyia kazi ambayo Kiingereza hukiachia kihusishi: niandikie, niletee, nisomee. Hata bila kauli hiyo tunasema "nisikilize" na "nieleze maoni yako", kisha tunavuka na muundo huo mzima mzima hadi kwenye "listen me" na "explain me your opinion", tukisahau "to" katika sentensi zote mbili. Wakati huohuo tunaongeza "about" baada ya "discuss" kwa sababu sisi huzungumza kuhusu jambo, ingawa kitenzi hicho cha Kiingereza hakihitaji msaada wowote. Mazoezi ya sehemu hii yalikuwa mepesi, na sidhani yalihitaji jioni mbili.

Njia ya kufundishia kwa mazungumzo niliipenda. Kila jioni nusu saa ya mwisho ilikuwa ya mjadala juu ya jambo la hapa hapa: je, bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya jiji, je, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 2019 imeheshimiwa sokoni, je, mabasi ya mwendokasi yamepunguza kweli muda wa kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kila msemaji alipaswa kutoa maoni yake, kumkubali au kumpinga aliyetangulia, na wenzake walihesabu vihusishi. Muuguzi mmoja kijana na wakala mmoja wa forodha walipingana juu ya bodaboda kwa wiki nzima, na katika ubishi huo "in favour of", "against" na "object to" ziliwaingia wote vichwani bila mtu kuzikariri.

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, walikuwa karibu theluthi ya darasa, na kwao kozi hii ina faida ya wazi. Katika sehemu ya kuandika, kazi ya pili hudai insha ya maneno yasiyopungua 250, inayoshauriwa iandikwe kwa dakika 40, na mara nyingi swali lake humtaka mtahiniwa aseme anakubaliana na kauli fulani kwa kiwango gani. Usahihi wa sarufi ni mojawapo ya vigezo vinne vya kusahihishia. Mazungumzo ya ana kwa ana huchukua dakika 11 hadi 14, na humo pia maoni huulizwa mfululizo. Ushauri mmoja wa Mwalimu kwao nauona wenye thamani kuliko orodha yoyote ya misamiati: wasirundike "In my opinion, I think". Kiswahili huvumilia "kwa maoni yangu mimi nadhani", na pengine hata huyapenda maneno hayo, kwa sababu kulainisha kauli ni adabu na anayekata maneno mbele ya watu huonekana hana malezi. Kiingereza cha maandishi huona ni kusema jambo moja mara mbili. Atakaye ulaini autafute katika "perhaps" au "may", na maoni ayatangaze mara moja.

Sasa malalamiko. La kwanza na kubwa ni kijitabu. Mtu anayeuza usahihi hapaswi kuchapisha "discuss about" katika maelekezo ya zoezi lenyewe, wala kuweka "I agree to you" kwenye ukurasa wa majibu kana kwamba ni sahihi. Mwalimu aliyasahihisha kwa mdomo, akakiri kwamba hakukiandika yeye, lakini aliyekosa jioni ile amebaki na jibu baya lililopigwa chapa. Pia kijitabu kinatumia "different from" ukurasa mmoja na "different than" ukurasa mwingine bila kueleza kwamba ya kwanza hukubalika kote na ya pili ni mazoea zaidi ya Marekani. Mwanafunzi ambaye tayari ana wasiwasi na vihusishi hahitaji fumbo la ziada.

La pili ni wingi wa watu. Tangazo liliahidi wanafunzi wasiozidi 15. Tulikuwa 26 katika chumba chenye feni moja, na jioni umeme ulipokatika tuliendelea kwa taa za simu huku jenereta ya saluni ya jirani ikinguruma dirishani. Joto na giza ningevisamehe, maana hilo ndilo jiji letu, lakini kwa wingi huo Mwalimu hakuweza kusahihisha kazi za nyumbani. Niliandika insha nne fupi; zilizorudi zikiwa na alama ni mbili. Nilipouliza mapokezi kwa nini idadi imezidi, niliambiwa kwamba wengine huacha njiani, kwa hiyo husajili watu wa akiba. Mpaka wiki ya sita walikuwa wameacha watatu.

Je, haya yote hayapatikani bure kwenye simu? Kwa sehemu, yanapatikana. Kamusi za wanafunzi zilizoko mtandaoni huonyesha chini ya kila nomino kihusishi kinachoandamana nayo, na Mwalimu mwenyewe alitufundisha kutafuta "opinion" badala ya kutafuta "in", kwa sababu anayetafuta "in" hukutana na maana nyingi zisizomhusu. Mtu mwenye nidhamu anaweza kwenda mbali kwa njia hiyo. Ambacho kamusi hizo hazitampa ni ile sentensi ya Asha na Juma, kwa kuwa waandishi wake hawakuzijua "kwa" zetu sita, wala hawawezi kujua kwamba anayesema "for my side" anawaza kwa Kiswahili. Hicho ndicho nilichokilipia, na ndicho ninachowashauri wengine wakiulizie kabla ya kutoa pesa mahali popote: kama mwalimu anaanzia katika lugha ya mwanafunzi au anaanzia katika orodha ya kukariri.

Kwangu darasa linastahili nyota tatu kati ya tano, na Mwalimu peke yake ningempa nyota tano. Linamfaa anayeandika ripoti au kukaribia mtihani, na halimfai anayeanza Kiingereza, kwa sababu litamkimbiza. Hatua inayofuata, ya kuandika barua za kikazi, inauzwa shilingi 180,000, na nimewaambia mapokezi kwamba nitalipa siku nitakapoonyeshwa kijitabu kipya. Atakayejiunga kabla ya hapo afike saa kumi na moja na nusu ili apate kiti cha safu mbili za mbele, karibu na feni, na kazi zake azikabidhi mkononi mwa Mwalimu, asiziache mapokezi.